Pombe Iliyotutangulia Bugendana

Mushagalusa ana sifa nyingi, na karibu zote zinaanzia mdomoni. Anauza vitenge katika soko la Muyinga, meza yake imepakana na yangu ya mawese, na nimeshamwona akimuuzia mama mmoja kitenge kilekile ambacho mama huyo alikuwa amekuja kukirudisha. Ndiyo maana, kikundi chetu cha sala cha Kiswahili kilipokata shauri kwenda Mugera kwa miguu kwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, tulimpa yeye kazi ya kututafutia mahali pa kulala njiani.

Tulikuwa watu thelathini na kitu. Wengi ni wafanyabiashara waliotoka Kivu kama mimi na yeye, wengine ni Warundi waliokulia Tanzania wakarudi. Mtu mwenye magoti mazuri anaweza kukimbizana na njia hiyo, lakini sisi tulikuwa na Koko Cibalonza, bibi ambaye magoti yake yana maoni yao wenyewe. Kwa hiyo tulipanga kulala mara tatu: Buhiga, Karuzi, na mwisho Bugendana, ambako ukiamka asubuhi Mugera iko mbele yako. Siku ya kurudi tungeshuka Gitega mjini na kupanda gari.

Wazo la safari lilikuwa la Letisia, ambaye sokoni tunamwita Mama Happy kwa jina la binti yake. Letisia alizaliwa kambini Tanzania. Baba yake, mzee Urbano, alikimbia Bugendana mwaka 1972 akiwa kijana, akatoka na vitu viwili tu: rozari aliyopewa siku ya ubatizo huko Mugera, na mrija wa kunywea pombe aliouchomoa juu ya mlango wa baba yake. Wazee wa milima ile walikuwa hivyo, kila mmoja na mrija wake. Akienda kunywa kwa jirani anakwenda nao, akirudi anauchomeka juu ya mlango, na ukiuona pale unajua mwenye nyumba yupo. Mrija ule ulikaa Tanzania miaka zaidi ya thelathini bila kupata mlango wa kukaa. Urbano alizoea kusema kwamba siku moja ataenda Mugera kwa miguu kumshukuru Mama wa Mungu. Alifariki Muyinga mwaka jana kabla ya mvua, katika nyumba ya kupanga, na Letisia akaweka nadhiri kwamba atakwenda badala yake, na mrija atauweka miguuni pa Bikira Maria.

Kwa nini mtu wa Bugendana afie katika nyumba ya kupanga Muyinga? Kwa sababu waliporudi walikuta shamba lao lina mtu. Anaitwa Longino. Baba yake Longino alipewa shamba lile na wakubwa wa wakati ule, wenyewe walipokuwa hawapo, na Longino amezaliwa hapo, amepanda kahawa hapo, ameezeka bati hapo. Urbano alikwenda mara moja kutazama, akarudi, hakwenda tena. Baada ya kumzika, Letisia alikwenda mwenyewe kwa wazee wa baraza la mlima, wale wanaoitwa bashingantahe, akafungua kesi. Wanaume walicheka, maana tangu lini binti anadai itongo, shamba la ukoo, la baba yake? Lakini Urbano hakuwa na mtoto mwingine, na wazee wakakubali kusikiliza baada ya sikukuu. Letisia analima mashamba ya watu kwa kibarua tangu aingie nchi hii. Aliniambia, "Dada Bulonza, mimi sitaki utajiri. Nataka mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nioneshe kwa kidole." Akaniomba nisimwambie Mushagalusa habari za kesi, kwa sababu mdomo wake hauna mlango. Nikanyamaza. Mushagalusa alijua tu kwamba Mama Happy ana asili ya Bugendana.

Safari yake ya kwanza ya kutafuta malazi alikwenda kwa pikipiki, mikono mitupu, akarudi amejaa furaha na vumbi.

"Wote walikubali," alisema. "Buhiga, Karuzi, fasi yote. Batu bazuri sana."

"Walisemaje hasa?" Letisia aliuliza.

"Walisema tutaona, Mungu akipenda."

"Basi wamekataa."

Mushagalusa alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Letisia akamweleza, polepole, kwamba Mrundi hakwambii hapana usoni, na kwamba huku haendi mtu kuomba jambo na mikono mikavu. Anatanguliza pombe. Unachukua bidoni, yaani dumu, ya urwarwa, ile pombe ya ndizi, unaiziba vizuri kwa jani la mgomba, unaifikisha, unasema umetoka wapi na unaomba nini. Mwenye nyumba anaita jirani mmoja au wawili. Anazibua mwenyewe, anatia mrija, anaonja yeye kwanza, halafu anakupa wewe.

"Mi nanunua pombe, nabeba pombe, na yeye njo anaanza?" Mushagalusa aliuliza.

"Yeye ndiye anaanza. Pombe ikishavuka kizingiti chake si yako tena. Aliyeonja kwanza ndiye mwenye nyumba. Usiguse kabla yake, Papa Mushagalusa, utaharibu kila kitu."

"Kwetu Bukavu unakunywa kama iko na kiu," alisema Mushagalusa, lakini alinunua bidoni.

Na kweli, pombe ilifanya ambacho mdomo ulishindwa. Buhiga tulipata ukumbi wa kigango pamoja na majani makavu ya kutandika. Karuzi tulipata familia mbili zinazopakana, na mama wa nyumba moja akaahidi maji ya moto kwa wazee. Mushagalusa alishuka hadi Gitega mjini, mtaa wa Nyamugari, kwa Othmani, Mwislamu anayemuuzia vitenge kwa jumla, na Othmani akampa ghala lake kwa usiku wa kurudi. Mushagalusa, aliyekuwa ameshakuwa bingwa wa desturi, akamtolea bidoni. Othmani alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia pombe yako irudi na wewe, ghala utapata hivihivi.

Ikabaki Bugendana. Letisia alitaka tulale shule ya msingi na si kwingine, na alilisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwalimu mkuu alikubali. Kisha, wiki yenyewe ya safari, akapiga simu: mahujaji wa parokia nyingine walikuwa wamekuja na barua, na madarasa yote yamekwisha. Letisia siku hiyo alikuwa kibaruani, simu ikapokelewa na Mushagalusa, na Mushagalusa hakumuuliza mtu. Alinunua bidoni, akapanda pikipiki, akaenda.

Alirudi siku ya pili yake jioni. Tulikuwa uani kwa Letisia tunachambua maharage ya njiani, mimi, Letisia na Koko Cibalonza. Mushagalusa alikaa juu ya kinu bila kukaribishwa.

"Nimepata," alisema. "Na si shule. Ni nyumba. Iko na lupango, kiwanja kubwa, bati mupya, kahawa pembeni. Batu thelathini banalala na fasi inabaki."

"Kwa nani?" Letisia aliuliza.

"Muzee moja, Longino."

Niliona mkono wa Letisia ukisimama juu ya ungo. Mushagalusa hakuona kitu, alikuwa anakimbia na hadithi yake. Alituambia alivyopita nyumba nyingi zilizojaa, alivyofika kwa Longino, na Longino alivyomuuliza, kupitia kwa mwenye pikipiki aliyekuwa akimtafsiria, kama kuna mtu wa mlima ule katika kundi.

"Alors mi nikasema: ndiyo, iko mwenyewe. Iko Letisia, binti ya Urbano. Njo anatuma hii pombe, anaomba batu bake balale." Akamgeukia Letisia. "Nilitumia jina yako, mama, juu jina ya mutu wa huku inafungua mulango. Na ilifungua. Longino alifurahi, alicheka mpaka machozi. Aliita majirani, bakakuja bengi. Akasimamisha bidoni katikati, akabaambia: muone, binti ya Urbano ameniletea pombe."

"Aliizibua?"

"Hapana. Hiyo njo ilinishangaza. Alisema ataifungua siku we mwenyewe utafika, mbele ya bote. Akaiingiza ndani."

"Kati ya majirani alikuwepo mzee Bonifasi?"

"Iko mushingantahe moja na fimbo, ndiyo, Bonifasi. Bon, unamujua?"

Letisia alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Mushagalusa akanitazama mimi. Sikuwa na sababu ya kuficha tena, nikamwambia yote: shamba, kesi, na kwamba Bonifasi ndiye mkubwa wa wazee watakaoiamua. Alishuka kwenye kinu, akakaa chini.

Koko Cibalonza, ambaye ameishi nchi hii kuliko sisi sote, ndiye aliyeongeza lililobaki. Zamani, alisema, mtu asiye na shamba alikwenda kwa mwenye shamba na pombe. Akaomba sehemu ya kulima. Mwenye shamba akaizibua mbele ya mashahidi, akaonja, akampa. Kuanzia hapo yule mtu amekaa pale, yeye na watoto wake, kama mgererwa, mkulima wa kukaribishwa, na hakuna siku angesema ardhi ni yake. Serikali iliufuta utaratibu huo miaka mingi iliyopita, lakini wazee wa baraza bado wanaukumbuka kama wanavyokumbuka majina ya baba zao. Longino hakuwa na haja ya kusema uongo wowote. Angengoja tu Letisia afike, kisha yeye Longino azibue, aonje, ndipo ampe Letisia mrija. Halafu siku ya kesi angeuliza: je, huyu si ndiye aliyeniletea pombe?

"Mi sikujua," alisema Mushagalusa.

"Hakuna mutu anasema ulijua," Koko Cibalonza alimjibu. "Muda wote sisi wageni njo tunapigana na mambo ya batu bila kujua."

Tulikaa pale tukitafuta njia ya kutokea. Mushagalusa alisema ataenda kuirudisha. Lakini pombe iliyopokewa hairudishwi, kuirudisha ni kumtangazia mtu uadui, na Bonifasi angekuwa wa kwanza kuudhika. Nikasema Letisia abaki Muyinga. Basi Longino angeizibua mbele ya Mushagalusa, mjumbe aliyeileta, na ingekuwa ileile. Mushagalusa akasema basi tulale barabarani. Ni mwezi wa nane, usiku wa huko baridi inauma, na Koko Cibalonza alisema magoti yake hayana kesi na mtu, yakifika Bugendana yatataka kulala. Nilimhurumia Letisia, na wakati huohuo nilimkasirikia Mushagalusa kiasi kwamba sikuweza kumtazama, maana alitenda vyote kwa moyo mwema na mtu wa moyo mwema hutajua umshike wapi.

Mlango ukafunguka. Letisia alikuwa ameosha uso.

"Hiyo bidoni, jani lake alilitoa? Hata kidogo?"

"Hapana, mama. Iko vilevile nilivyoifunga."

"Basi haijanywewa," alisema, akakaa, akavuta ungo. "Tutakwenda. Tutalala hapohapo."

"Kwa Longino?" niliuliza.

Aliendelea kuchambua maharage, na yale mabovu alikuwa akiyatupa mbali zaidi ya ilivyo lazima.

Njia yenyewe sina mengi ya kusema. Watu wanaoandika habari za hija husema roho zao zilipanda juu. Sisi zilizopanda juu ni vilima, na baada ya kilima kimoja ulikuja kingine. Tuliimba asubuhi, mchana tulinyamaza, jioni tuliulizana nani amebeba chumvi. Buhiga walitupokea vizuri, Karuzi mama alitimiza ahadi ya maji ya moto. Mushagalusa alibeba mzigo wa Koko Cibalonza juu ya wake, bila kuombwa, na hakutuuzia hadithi hata moja. Letisia alitembea mbele. Kwenye furushi lake ulichomoza mrija wa babu yake, umefungwa kitambaa cheupe, na kila tulipopumzika aliushika kuona kama upo.

Tulifika Bugendana jua likiwa bado juu ya migomba. Longino alitungoja njiani amevaa koti. Nilikuwa nimejiandalia mtu mbaya, nikamkuta mzee mfupi mwenye meno machache, aliyempokea Koko Cibalonza mkono na kumwita mama. Nyumba ilikuwa kubwa kweli, ua umefagiwa, mkewe anapika maharage katika sufuria ya harusi. Watoto wakatuletea maji ya kunawa. Unapochoka namna ile unapenda kila mtu anayekupa maji, na nilijikuta namshukuru. Nikajikasirikia, halafu nikanawa.

Halafu niliona viti. Mbele ya mlango palikuwa na kiti kirefu cha Longino. Mbele yake, chini, kigoda kidogo. Pembeni mabenchi, na juu ya mabenchi wazee wa mlima wamekwisha kukaa, Bonifasi katikati na fimbo yake kati ya magoti. Katikati ya ua ilisimama bidoni ya Mushagalusa, jani la mgomba limekauka mdomoni mwake.

Longino alimwonesha Letisia kigoda. Letisia akaweka furushi lake chini, akabaki amesimama.

Mrundi akianza hotuba, kaa vizuri. Longino alianza na baba yake, akapita kwenye mvua, akafika kwenye bei ya kahawa. Alisema Kirundi, nami nakifahamu cha kuuzia mawese, kwa hiyo nilishika mengi. Mwishoni alifika alikokuwa akienda.

"Binti wa Urbano amekuja kwangu," alisema. "Hakuja na polisi, hakuja na mwanasheria. Amekuja na pombe, kama watu wenye adabu walivyokuwa wakija kwa baba zetu. Mimi simfukuzi mtu. Kule bondeni kuna kipande sijakilima. Akitaka, alime. Nasema mbele yenu nyote, alime yeye na mtoto wake, mpaka achoke."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Na hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angetukana: alikuwa anatoa kweli. Letisia, aliyelima mashamba ya watu miaka yote hiyo, alikuwa akipewa shamba la kulima mbele ya watu, na kilichotakiwa ni akae kwenye kigoda anyamaze. Nilimtazama Mushagalusa. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake inacheza, nadhani alikuwa anasali.

Longino aliinama kuokota mrija wake uliokuwa umeegemezwa kwenye kiti. Alikuwa mzee, aliinama taratibu.

Letisia alifungua kitambaa cheupe. Akatembea hatua chache mpaka katikati ya ua, akapiga goti mbele ya bidoni, akachomoa jani la mgomba, akatia mrija wa babu yake, akanywa. Hakunywa sana. Alinyanyuka, akajifuta mdomo kwa mkono, akaishika bidoni kwa mikono miwili, akampelekea Longino pale aliposimama na mrija wake mtupu.

"Karibu kwetu, Longino," alisema kwa Kirundi safi cha wazee, ambacho hatukujua kama anacho. "Nimeionja, ni nzuri. Kunywa. Umetulindia nyumba muda mrefu, baba alikufa kabla hajakushukuru."

Hata watoto walijua kilichofanyika. Pombe ilikuwa imefunguliwa katika ua ule mbele ya wazee wa mlima, na aliyeonja kwanza hakuwa Longino. Longino alimtazama Bonifasi. Kukataa asingeweza: ndiyo pombe aliyoipokea mwenyewe mbele ya majirani, akailaza chumbani kwake kama mtoto mchanga. Kumfukuza Letisia ni kuwafukuza mahujaji wote wenye rozari mkononi, usiku unaingia, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mama wa Mungu. Alikuwa ameita mashahidi wengi mno.

Bonifasi alikohoa. Aliutazama mrija uliokuwa mdomoni mwa bidoni, akamtazama Letisia, akatazama fimbo yake.

"Umepewa, Longino," alisema. "Kunywa. Wageni wana njaa."

Hakusema wageni ni nani. Mke wa Longino, aliyekuwa amesimama na mwiko, akasema maharage yanapoa. Longino akapokea bidoni, akatia mrija wake, akanywa kidogo kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Kisha alikaa, si kwenye kile kiti kirefu bali kwenye ukingo wa benchi la wazee, na pombe ikazunguka. Ilikuwa imechachuka vibaya. Tulikunywa yote.

Tulilala. Sijui wengine, mimi nililala kama gunia. Letisia alitandika mlangoni kwa ndani, na aliyetaka kutoka nje alimruka.

Asubuhi tulifunga mizigo. Kutoka pale unaiona Mugera, na watu walikuwa wanapita njiani wakiimba, makundi kwa makundi. Mushagalusa alikuwa amerudiwa na ulimi wake. Alikuwa anatuambia kwamba, ukifikiri vizuri, yeye ndiye aliyeleta pombe, kwa hiyo yote yalianzia kwake. Koko Cibalonza akamwambia abebe mzigo anyamaze. Ndipo tulipoona kwamba Letisia hajafunga furushi. Alikuwa ameshika ufagio wa nyumba ile na anafagia ua.

"Mama Happy, twende," Mushagalusa alisema. "Mugera iko pale tu."

"Nendeni salama," alisema Letisia. "Mwenye nyumba haondoki na wageni."

Sote tukaelewa, hata Mushagalusa. Akiondoka nasi asubuhi ile, basi alikuja, akalala, akaenda zake, na jana yote ilikuwa mchezo wa mwanamke aliyekunywa bila adabu. Wazee wangeketi baada ya sikukuu. Mpaka hapo, Longino akiamka kila siku amkute uani. Nilimtazama Longino. Alikuwa ametoka na jembe begani, akasimama, akamwona anavyofagia. Alipita pembeni ya vumbi lake akaenda kwenye kahawa.

"Na nadhiri?" nilimuuliza Letisia. "Mrija wa babu yako je? Nipe niufikishe mimi."

Alinionesha kwa kidole. Mrija ulikuwa juu ya mlango, umechomekwa chini ya bati, kitambaa cheupe kimeondolewa.

"Mama wa Mungu anajua nyumba yetu ilipo," alisema. "Umwombee baba. Na ukifika Muyinga, mwambie Happy aje. Aje na sufuria ndogo, blanketi, na jembe langu."

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Mwaka mzima alihesabu vilima vya kwenda Mugera, na alikuwa amebakiza viwili. Aliweka ufagio ukutani, akajifunga kitenge vizuri, akamshika Koko Cibalonza mkono na kutusindikiza. Tulishuka naye kati ya migomba mpaka barabarani. Hapo aliimba nasi ubeti wa kwanza, akatuaga mmoja mmoja kwa jina, akatuambia tusichelewe jua lisije likawa kali. Kisha akageuka, akapandisha njia ile ile, akarudi kwao.